Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Simu Italindwa Hadi Lini

Mwaka 2021 nilinunua simu mpya Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, ikiwa ndani ya boksi lake na nailoni yake juu ya kioo. Niliichagua kama wengi wetu tunavyochagua: betri kubwa, kamera tatu, na bei niliyoimudu bila kukopa. Miaka mitatu baadaye programu ya benki yangu iligoma kufunguka kwa sababu Android niliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani mno. Nilipoingia kwenye Mipangilio, kisha Kuhusu Simu, nikakuta kwamba sasisho la mwisho la usalama lilifika miezi miwili tu baada ya mimi kuinunua. Muda wote uliofuata nilikuwa nikituma pesa, nikipokea namba za siri na kuhifadhi picha za vitambulisho vya familia katika simu ambayo matundu yake hayakuwa na wa kuyaziba.

Kosa langu lilikuwa moja, nami naliona likirudiwa kila siku. Nilidhani upya wa simu unaanza siku ninapoitoa kwenye boksi, kumbe muda wa masasisho huhesabiwa tangu mtengenezaji alipoiingiza sokoni kwa mara ya kwanza. Yangu ilitoka 2018, kwa hiyo nililipa bei ya simu mpya kwa kitu kilichobakiwa na miezi michache.

Kwa wanaojiuliza sasisho lina umuhimu gani ikiwa simu bado inapiga na kupokea, nawakumbusha udhaifu wa Stagefright uliotangazwa mwaka 2015, ambapo ujumbe mmoja wa MMS wenye video iliyotiwa hila uliweza kumpa mhalifu nafasi ya kuingia katika simu za Android, wakati mwingine hata kabla mwenye simu hajaugusa. Ni baada ya hapo ndipo Google ilipoanza kutoa taarifa na viraka vya usalama kila mwezi. Kiraka kikishatangazwa, wahalifu nao husoma tundu liko wapi, na simu isiyokipata hubaki wazi kwa tundu ambalo sasa linajulikana na kila mtu.

Ndiyo maana siku hizi naigawa bei ya simu kwa miezi iliyobaki ya ulinzi. Tuseme simu moja inauzwa shilingi 280,000 na imebakiwa na miezi 14, na nyingine inauzwa 480,000 ikiwa na miezi 48. Ya kwanza inakugharimu 20,000 kwa mwezi na ya pili 10,000. Ile iliyoonekana rahisi ni ghali maradufu.

Kwa anayetaka simu mpya ya bei ya wastani, Samsung Galaxy A16, iliyotoka mwishoni mwa 2024, iliahidiwa masasisho kwa miaka 6, ingawa katika simu za daraja hilo hayafiki kila mwezi. Kwa asiyeogopa mtumba, mimi napendekeza Pixel, simu za Google yenyewe. Pixel 7a inalindwa hadi Mei 2028, na Pixel 8a, iliyotoka Mei 2024, imeahidiwa miaka 7. Pixel 6a ni rahisi zaidi na inafika Julai 2027, lakini mwaka 2025 Google ililazimika kupunguza uwezo wa betri wa baadhi yake kwa sababu ya hatari ya kupata joto kupita kiasi, hivyo mimi niliiacha.

Mtumba unahitaji utulivu dukani. Kabla ya kutoa pesa, naomba simu iwashwe, naipitisha katika hatua ya kufuta kila kitu na kuanza upya, kisha naangalia kama inadai akaunti ya mtu mwingine. Ikidai, naiacha hapohapo hata muuzaji akiapa kwamba fundi wa jirani ataimaliza kwa dakika tano, kwa kuwa simu hiyo huenda imeibwa. Nabonyeza *#06# kupata IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na kuituma kwenda 15090, huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, inayoonyesha kama namba hiyo ni ya simu halisi. Naweka laini yangu na kupiga simu, maana baadhi ya zinazotoka Marekani zimefungwa kwa mtandao mmoja wa huko. Mwisho nasoma ile tarehe ya sasisho la usalama mbele ya muuzaji. Wengi wao hawajawahi kuulizwa.

Faragha ni sehemu ya jambo hilihili. Simu yenye ulinzi wa miaka 7 haikusaidii ikiwa umeruhusu programu ya mkopo isome majina yote uliyoyahifadhi, kisha shemeji na mwajiri wako wapigiwe kwa deni wasilolijua. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ingia kwenye ruhusa za kila programu uondoe zile zisizohusiana na kazi yake. Tochi haina haja ya kujua ulipo. Nazihofia pia simu za kulipia kidogo kidogo, kwa sababu huja na programu ya mkopeshaji yenye uwezo wa kuifunga simu yako, nawe huwezi kuiondoa hadi umalize deni.

Anayetaka kwenda mbali zaidi anaweza kuweka kwenye Pixel GrapheneOS, mfumo wa simu uliojengwa juu ya Android lakini usiokuja na huduma za Google isipokuwa uziweke mwenyewe. Hakikisha kwanza kwamba simu inaruhusu kufunguliwa kufuli linalozuia kuwekewa mfumo mwingine, kwani zilizouzwa na Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, kwa kawaida haziruhusu. Baadhi ya programu za benki hugoma humo, lakini M-Pesa kwa *150*00# haijali una mfumo gani.

Mimi nina Pixel 7a sasa, na nimeandika Mei 2028 kwenye kalenda. Ile ya 2021 sikuiuza, kwa sababu atakayeinunua angeweka pesa zake humo. Nimeifuta, nimetoa laini, na iko jikoni kwa mama, ambako hucheza kwaya zilizo kwenye memori kadi.