Maswali na Majibu: Kamu za Springi Zinavyomshika Mpanda Miamba

Je, springi ndizo zinazomzuia mpandaji anapoanguka?

Hapana, na ningependa kila anayeshika kifaa hiki alijue hilo kabla ya jambo jingine lolote. Kifaa chenyewe ni shina lenye ekseli (mhimili) kichwani, na juu ya ekseli hiyo huzunguka kamu nne, yaani vipande vya alumini vilivyopinda; mpandaji hukiingiza ndani ya ufa wa mwamba na kukiunganisha na kamba yake ili kimzuie akianguka. Springi hufanya kazi moja tu, nayo ni kuzisukuma kamu ziguse kuta za ufa na zibaki hapo. Nguvu yake ni ndogo kiasi kwamba vidole viwili vinaishinda: ukivuta triga, yaani kishikio kilicho kwenye shina, kamu zote nne hujikunja, na ukiiachia hufunguka zikagota kwenye jiwe. Kinachomzuia mpandaji ni mvuto wake mwenyewe. Kamba inapovuta shina la kifaa, kamu hutaka kuzunguka zijifungue zaidi, na kwa kuwa kuta hazisogei, hujikandamiza kwenye jiwe. Mvuto ukizidi, nao mkandamizo huzidi.

Kwa nini kamu ina umbo lile, na si duara la kawaida?

Fundi wa magari anaijua kamu ya kamshafti, ambayo umbo lake limechongwa ili ifungue vali kwa wakati wake. Kamu yetu imechongwa kwa ajili ya pembe. Chora mstari kutoka kwenye ekseli hadi mahali kamu inapogusa jiwe, kisha chora wa pili kutoka kwenye ekseli hiyo hiyo ukiangukia ukutani kwa pembe mraba. Pembe iliyo kati ya mistari hiyo miwili ndiyo roho ya kifaa chote, na mzingo pekee unaoiweka bila kubadilika, ufa uwe mwembamba au mpana, ni spirali ya kilogariti, ambayo hujipanua kama gamba la konokono.

Ray Jardine, mhandisi wa Kimarekani aliyevijaribu vifaa vyake katika nyufa za Yosemite, California, miaka ya 1970, alifikia nyuzi 13.75 kwa kamu zake ziitwazo Friends, ambazo Wild Country ya Uingereza ilianza kuziuza mnamo 1978. Tanjenti ya pembe hiyo ni kama 0.245. Maana yake ni kwamba maadamu kizio cha msuguano kati ya alumini na jiwe, yaani namba inayoonyesha jinsi vinavyozuiana kuteleza, kinazidi 0.245, kamu haitelezi, mwanguko uwe mdogo au mkubwa. Mwamba ukilowa, ukijaa vumbi au ukiwa laini kama kioo, msuguano hupungua, na akiba iliyo juu ya 0.245 hupungua nao.

Hesabu hiyo ina upande wa pili unaostahili kuogopwa. Mwanguko ukivuta kwa kilonyutoni 6, kila ukuta hubeba 3, na ukigawanya 3 kwa 0.245 unapata zaidi ya 12. Kila ukuta, basi, husukumwa kwa nguvu maradufu ya ile iliyovuta kamba. Bamba la jiwe lililoachana na mwamba halistahimili msukumo huo, hata kama kamu imekaa vizuri kabisa.

Pembe ndogo zaidi isingekuwa salama zaidi?

Ingeshika zaidi, lakini kamu ingetosha nyufa chache. Kwa nyuzi 13.75, robo mzunguko huongeza nusu kipenyo mara 1.47, kwa nyuzi 10 huongeza mara 1.32 tu. Camalot, kamu nyingine ya aina hii iliyobuniwa Marekani miaka ya 1980, ilitanzua tatizo hilo kwa ekseli mbili: kila kamu huzungukia ekseli iliyo mbali na ukuta wake, hivyo kamu kubwa zaidi huenea katika nafasi ile ile. Nauona ndio ubunifu mzuri kuliko wote uliofuata baada ya Jardine, ingawa huongeza uzito.

Je, inafaa kwenye ufa wa mlalo?

Inafaa ikiwa shina ni la waya unaopinda. Shina gumu la Friends za mwanzo liliweza kuvunjikia kwenye ukingo wa mwamba.

Niliiweka kamu vizuri kule Hell's Gate, Kenya, nikarudi nikaikuta imezama ndani ya ufa. Kwa nini?

Kamba yako iliitembeza. Kila kamba inapoyumbisha shina, kamu za upande mmoja hulegea kidogo huku za upande wa pili zikishika, kisha hupokezana, na kifaa husogea hatua kwa hatua kama mtu anayepita kichochoro kwa mabega. Tumia ukanda mrefu kati ya kifaa na kamba ili myumbo usilifikie shina. Tena usiibane hadi mwisho: kamu iliyojikunja kabisa haina pa kurudi unapovuta triga, na itabaki mwambani.