Timu Ikipigwa Kila Wikendi, Usikubali Kupimwa kwa Magoli Peke Yake

Wiki iliyopita kijana mmoja anayecheza fulbeki kwa timu ya chuo hapa Nairobi ameniandikia, na ujumbe wake nimeurudia mara kadhaa kwa sababu hayo mambo nayajua. Wanacheza hoki ya uwanjani, timu inapigwa karibu kila wikendi, na sasa kochi wao ameamua kutumia takwimu. Amepanga kikosi chote kwa eksel, jina la mtu na kando yake namba moja tu: magoli tuliyofunga ukiwa ndani, toa magoli tuliyofungwa ukiwa ndani. Kijana ndiye wa mwisho kabisa. Orodha ikatupwa kwa grupu ya WhatsApp, wote wakaiona, na sasa anakaa benchi. Ananiuliza, "Kaka, kwani ni mimi naangusha timu?"

Mdogo wangu, nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu mko wengi, na kwa sababu jibu langu ni refu.

Mimi pia nilikuwa fulbeki. Gongo la hoki nilianza kushika shule ya upili, nikaja nikacheza ligi, na Jumamosi zangu za ujana ziliishia pale uwanja wa hoki wa City Park, jua la saa saba, tumbili wakishuka kutoka msituni kutafuta ndizi za watu. Timu yangu ya mwisho haikuwa na uwezo, na hilo tulilijua wote. Hatukuwa na pesa ya mazoezi ya kutosha, viungo wetu walikuwa wanafika wakiwa wamechoka na kazi, na kwa nyuma tulikuwa wachache kiasi kwamba mimi sikuwa natolewa. Wenzangu wa mbele wanaingia wanatoka, wanakunywa maji, wanarudi na nguvu mpya, unajua kwa hoki mnabadilishana wachezaji vile mnataka bila kikomo, lakini mimi niko pale kutoka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Nilikuwa naona ni heshima.

Mwisho wa msimu tukaitwa kwa mkutano. Kiongozi mmoja wa timu akaja na karatasi, akasoma majina moja baada ya lingine, na kila jina na hesabu ileile unayoniambia wewe. Langu likasomwa mwisho. Akasema namba hazidanganyi. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nafanya nini uwanjani, hakuna aliyesema huyu jamaa ndiye alikuwa anazuia zile zingine zisiingie, wenzangu niliowakinga msimu mzima wakaangalia viatu vyao. Nikatoka, nikapanda matatu, gongo katikati ya magoti, na huo mwaka ndio niliacha kucheza. Imepita miaka mingi na bado inaniuma, sitaficha.

Lakini hayo maumivu ndiyo yalinifanya nianze kusoma. Nilitaka kujua hiyo hesabu ilitoka wapi na kama kweli inasema kitu. Nikakuta imetoka kwa hoki ya barafu huko Kanada na Marekani, ile ambayo sisi hapa tunaijua kupitia vijana wa timu ya Ice Lions wa pale hoteli ya Panari, Mombasa Road. Ligi yao kubwa, NHL, imekuwa ikiiweka rasmi tangu msimu wa 1967-68. Wanaiita plasi na minasi. Rekodi ya juu ni ya Bobby Orr, beki wa Boston, plasi 124 msimu wa 1970-71. Na rekodi ya chini ni ya beki pia, Bill Mikkelson, minasi 82 msimu wa 1974-75.

Sasa simama hapo kwa Mikkelson kwa sababu huyo ni wewe, na ni mimi. Alikuwa anachezea Washington Capitals, timu iliyokuwa ndiyo mwanzo inaanzishwa huo mwaka, imekusanywa kutoka kwa wachezaji ambao timu zingine hazikuwahitaji. Walicheza mechi 80 wakashinda 8. Walifungwa magoli 446. Magoli mia nne na arobaini na sita! Hebu niambie, ni beki gani angetoka kwa hiyo timu na namba safi? Jina lake limebaki kwa vitabu vya rekodi kama mtu aliyekuwa mbaya kuliko wote, na ukweli ni kwamba kochi alimwamini akamweka ndani wakati nyumba inaungua. (Binti yake, Meaghan Mikkelson, alikuja kushinda dhahabu ya Olimpiki na Kanada 2010 na 2014, akicheza beki. Nilifurahi sana kusoma hiyo.)

Na kitu kingine ambacho yule kiongozi na karatasi yake hakujua: wenye hiyo hesabu wenyewe hawahesabu kila goli. Kule barafuni mchezaji akitolewa kwa kosa na timu ikabaki pungufu, goli mtakalofungwa wakati huo halikatwi kwa namba ya mtu, kwa sababu wanaelewa kwamba watu wanne hawawezi kulaumiwa kwa kazi ya watano. Sisi tumechukua hesabu tukaacha akili yake kule.

Chukua kona ya penalti, lile pigo wanalopewa adui mkikosea karibu na goli lenu. Kwa hoki yetu ya uwanjani mko watano nyuma ya laini ya goli, kipa akiwemo, wengine wote wamepelekwa hadi laini ya katikati, na wale wanaoshambulia wanaweza kuja wengi vile wanataka. Hapo tayari mko pungufu kwa sheria yenyewe. Na mara nyingi hiyo kona imeletwa na nani? Kiungo amepoteza mpira kwa uzembe pale kati, straika wao amekimbia hadi ndani ya D, ile nusu duara mbele ya goli, fulbeki amelazimika kuingilia, mguu ukagusa mpira, refa akaonyesha kona. Goli likiingia, fulbeki anakatwa moja. Kiungo naye anakatwa moja ileile, kama bado yuko ndani, na kama alikuwa ameshakimbia benchi kupumzika kabla refa hajaonyesha kona hakatwi chochote. Hiyo ni kulaumu ndoo kwa sababu paa linavuja.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, na ukisahau mengine yote usisahau huu: gawanya kwa dakika. Tuseme mmefungwa magoli sita na nyinyi hamjafunga. Fulbeki amecheza dakika zote 60, magoli yote sita yamempata ndani, ana minasi sita. Straika amecheza dakika 30 tu, matatu yamempata ndani, ana minasi tatu. Kwa ile orodha ya grupu straika anaonekana mara mbili bora kuliko wewe. Sasa gawanya kwa kota za dakika 15. Wewe umecheza kota nne, sita kwa nne ni moja na nusu. Yeye amecheza kota mbili, tatu kwa mbili ni moja na nusu. Mko sawa kabisa, tofauti ni kwamba wewe ulifanya kazi mara mbili yake. Hesabu ya darasa la nne hiyo, na bado kuna watu wazima wanatoa wachezaji kwa timu bila kuifanya.

Ya pili, magoli ya kona weka kando, daftari yake peke yake, ukiandika nani aliletea timu hiyo kona kuanzia mpira ulipopotea. Halikadhalika zile dakika mko kumi kwa sababu mwenzenu ana kadi ya kijani ama ya njano.

Ya tatu ndiyo kubwa, hesabu kazi ya mtu. Fulbeki alikata pasi ngapi, alinyang'anya mipira mingapi bila faulo, na akiupata mpira aliutoa kwa mwenzake ama aliupiga tu mbele ukarudi. Hapo kwa kutoa mpira ndipo fulbeki wengi wanajificha, wanasifiwa kwa kupiga mbali na kila mpigo ni zawadi kwa adui. Kiungo mhesabie mipira aliyopoteza na ilipotea sehemu gani ya uwanja, maana kupoteza karibu na D ya adui na kupoteza ndani ya ishirini na tatu yenu, ile laini ya mita 23 upande wa goli lenu, ni vitu viwili tofauti kabisa. Straika wa timu mbovu usimhesabie magoli peke yake, anaweza kupata mpira ndani ya D mara mbili mechi nzima, sasa utamhukumu vipi? Angalia aliingia D mara ngapi na alipata kona ngapi. Kipa, mashuti yaliyolenga goli na aliyookoa, ya kona mbali, ya kawaida mbali. Na usiniletee mechi moja ama mbili eti huyu ni mbaya. Hoki ni mchezo wa magoli machache, mpira unaweza kugonga mwamba ukatoka ama ukaingia, na namba ya mtu inabadilika kwa hicho kitu tu.

Msimu huu nimekuwa nikisaidia timu moja ya akina dada, jina nitaliacha. Walikuwa wanafungwa vibaya na hafu wao wa kulia, yaani mlinzi wa pembeni, alikuwa karibu kuachwa, kila mtu anasema upande wake ndio mlango. Kochi wao ni mtu mzuri lakini alikuwa ananiambia, "Mimi nina macho, sihitaji daftari." Nikamwambia mzee wangu, sikatai, naomba tu tuangalie pamoja. Tukachukua video za simu, zile za kutetemeka zilizochukuliwa na mtu amekaa chini sana, na kwa kila goli tukarudi nyuma hadi pale mpira ulipopotea, tukaandika jezi ya aliyeupoteza. Tukakaa na chai hadi usiku. Na ikatokea wazi mbele yetu wote wawili kwamba magoli mengi yalikuwa yanaanzia upande wa kushoto, kiungo anageuka na mpira akiwa amezungukwa, anapokonywa, adui anavuka uwanja, na yule dada wa kulia ndiye anabaki peke yake na watu wawili. Katika timu nzima yeye ndiye alikuwa anakata pasi nyingi zaidi. Watu walikuwa wanamuona kwa goli kwa sababu alikuwa wa mwisho kufika pale, wengine hawakufika kabisa.

Kochi akanyamaza kwa muda, halafu akasema tu, "Huyu anabaki." Akamwambia kiungo wa kushoto acheze mguso mmoja na asigeuke, akasogeza mtu mmoja karibu naye. Basi. Hawajakuwa mabingwa, sitawadanganya, lakini vile vipigo vikubwa vimeisha, na Jumapili iliyopita wamepiga timu iliyokuwa ikiwaonea tangu zamani. Yule dada alikuja akanishika mkono bila kusema kitu. Nimejivunia sana na sioni haya kusema.

Ndio maana nakasirika nikiona kochi amejifunza eksel juzi na leo anavunja watu nayo. Takwimu ni kitu kizuri, mimi naziamini, nimezipa wikendi zangu. Lakini ukiwa na timu inayoshindwa una jukumu kubwa kuliko kochi wa timu inayoshinda, kwa sababu kwa timu inayoshinda namba mbaya inafunikwa na makombe, kwako namba mbaya inaua kijana. Uliza kwanza huyu mtu nilimpa kazi gani. Uliza alicheza na nani kando yake. Uliza nilimpanga dhidi ya timu gani, maana wengine huwekwa ndani mechi ngumu tu na wengine wanapewa zile rahisi. Kama huwezi kujibu hayo matatu, funga hiyo kompyuta kwanza. Nchi hii ilimaliza ya nne kwa Kombe la Dunia la kwanza kabisa la hoki, Barcelona 1971, na jina ambalo wazee wa City Park bado wanalitaja kwanza ni Avtar Singh Sohal, mtu aliyecheza Olimpiki nne kutoka 1960 hadi 1972. Alikuwa fulbeki. Tulikuwa tunajua kuthamini watu wa nyuma.

Sasa wewe kijana. Usijibu kwa grupu, na usiache timu kwa hasira kama vile mimi niliacha. Tafuta rafiki mwenye simu nzuri, apande juu kabisa kwa majukwaa, achukue mechi nzima bila kufuata mpira karibu sana, tunataka kuona watu wote. Ukiwa benchi haidhuru, tumia zile mechi za nyuma kama kuna mtu alirekodi. Andika dakika ulizocheza kila kota. Kwa kila goli andika mpira ulipotea wapi na kwa jezi gani, hata kama ni jezi yako, andika. Halafu mwendee kochi baada ya mazoezi, mkiwa wawili, umwambie, "Kochi, naomba dakika kumi, kuna kitu nataka tuangalie." Mpe heshima yake, mwache ajionee mwenyewe.

Akikataa, nitumie hizo video, nitazihesabu mimi na nitakwambia ukweli hata kama hautakupendeza. Usisahau tu kuniandikia namba za jezi za ile timu nyingine na nani ulikuwa umepewa umkabe, bila hizo siwezi kufanya kitu.