Kwa nini ishara hupotea kwenye chumvi ya kiwango cha damu

Umeuliza kwa nini kihisi chako cha transista huona protini zikishikana kwenye bafa (mmumunyo unaotunza pH) iliyozimuliwa, lakini kwenye chumvi ya kiwango cha damu hakioni kitu. Tatizo ni umbali. Kihisi hiki hakitegemei rangi wala alama yoyote, kinasoma chaji ya protini yenyewe, na ayoni za chumvi huizingira chaji hiyo na kuificha. Kwenye milimola 150 kwa lita, athari ya chaji hufifia ndani ya takribani nanomita 0.8 (ndio urefu wa Debye). Kingamwili nzima, ikitumika kama kipokezi (molekuli iliyowekwa kwenye kihisi ili kunasa protini), ina karibu nanomita 10, kwa hiyo protini inanaswa mbali mno na uso wa kihisi.

Kuzimua mara 100 hurefusha umbali huo hadi karibu nanomita 8, ila hapo kuwa mwangalifu sana: ukipunguza chumvi, nguvu ya mshikamano wenyewe hubadilika, na Kd (kipimo cha nguvu hiyo) utakayopata huenda isilingane na ya mwilini. Afadhali ufupishe kipokezi, utumie kipande cha kingamwili au aptama (uzi mfupi wa DNA au RNA unaonasa protini). Na lazima uweke chaneli ya pili ya kulinganishia, isiyo na kipokezi, maana hata badiliko dogo la pH hutoa ishara inayofanana na ya protini kunaswa.