Kansa, meli na bima: jinsi nilivyopata bei niliyoimudu

Bei ya kwanza niliyotajiwa ilikuwa pauni 1,140. Hiyo ni bima ya safari peke yake. Nafasi yangu ndani ya meli, pamoja na chakula na kitanda kwa usiku 14 kuzunguka visiwa vya Karibi, ilikuwa pauni 1,300, na mdogo wangu alikuwa ameshanitumia picha za chumba chetu akisema, "Dada, safari hii hatuahirishi tena." Nilimshukuru kijana wa kwenye simu, nikakata, nikabaki nimekaa jikoni na kikombe cha chai kilichopoa. Usiku ule niliamini kwamba kansa imeninyima na hili.

Hiyo ilikuwa Januari 2024. Mwezi Juni mwaka huohuo nilipanda meli pale Southampton nikiwa na bima inayoitaja kansa yangu kwa jina, na nilikuwa nimeilipia pauni 212. Nataka kueleza nilivyotoka kwenye bei ile hadi hii, maana hospitalini hakuna aliyeniambia, na sisi Waswahili wa huku Uingereza habari za kansa tunazisema chinichini, kila mtu anahangaika peke yake.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Leicester. Marehemu baba alikuwa karani bandarini, enzi zile meli kubwa zikitia nanga mbali na mizigo ikiletwa gatini kwa matishari. Jioni tukienda naye Raskazone tulihesabu taa za meli. Nilizitazama utoto wangu wote, sikuwahi kupanda hata moja. Mwaka 2021 niligundulika na kansa ya titi, hatua ya pili. Nilifanyiwa upasuaji, nikapewa kemo, nikamaliza na mionzi mwaka 2022, na mpaka leo nameza tamoxifen, dawa ya kuzuia kansa isirudi, kila siku. Basi mtu aliyepita huko akitaka kupanda meli, naomba msimwone anataka anasa.

Nianze na ushauri niliopewa mara nyingi kuliko mwingine wowote: "We usiseme. Nani atajua?" Wanaosema hivyo wananitakia mema, lakini wananipeleka shimoni. Hapa Uingereza ipo sheria ya mwaka 2012 inayomtaka mnunuzi wa bima ajibu maswali ya kampuni kwa uangalifu na ukweli. Ukidanganya kwa makusudi, kampuni ina haki ya kuufuta mkataba na kukataa madai yako yote. Nao hawahangaiki kukuchunguza siku unayonunua. Wanakuja kuomba mafaili yako kwa daktari wako siku unapodai. Fikiria umezidiwa katikati ya bahari, helikopta imekuja kukuchukua juu ya sitaha, umelazwa nchi ya watu, halafu bima inasema haikutambui. Deni hilo linawaangukia watoto wako, na mchango unaanza kupitishwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Mtego wa pili una sura nzuri zaidi, na mimi nilikaribia kuingia. Kampuni moja iliniambia nitalipa pauni 70 tu nikikubali kwamba chochote kinachotokana na kansa hakitalipwa. Nikajiambia, kansa imeshatibiwa, nitaumwa nini? Nesi wangu wa kansa ndiye aliyenizuia. Alinikumbusha kwamba tamoxifen yenyewe inaongeza hatari ya damu kuganda, na kwamba mkono wa upande nilioondolewa tezi za kwapani unaweza kuvimba au kuingiwa na vijidudu kwa mkwaruzo mdogo tu. Nikiganda damu mguuni nikiwa melini, kampuni itasema hiyo imetokana na kansa, na itakuwa na hoja. Mtu anayeondoa kansa kwenye bima mara nyingi ameondoa kitu kilekile anachokiogopa.

Sasa bei. Nilichokuja kuelewa ni kwamba kampuni hazikuulizi maswali sawa. Ile ya kwanza iliniuliza swali moja tu, kama nimetibiwa kansa ndani ya miaka mitano, na nilipojibu ndiyo, bei ikaruka. Kampuni zinazohudumia watu wenye maradhi huuliza maswali kumi, kumi na tano: kansa ya aina gani, iligundulika lini, hatua gani, ilifika kwenye tezi, imesambaa kwingine, tiba ya mwisho ilikuwa lini, unatumia dawa gani, umelazwa ndani ya mwaka uliopita? Ukiyasikia unachoka, lakini majibu yale ndiyo yanayokutoa kwenye kundi la "mgonjwa wa kansa" na kukuweka kwenye hali yako halisi. Kwangu mimi kila jibu lilikuwa linashusha bei.

Kuna orodha ya kampuni za namna hiyo kwenye tovuti ya MoneyHelper, huduma ya bure iliyowekwa na serikali. Chama cha madalali wa bima, BIBA, nacho kinasaidia kumpata dalali anayejua maradhi. Macmillan, shirika la hisani la wagonjwa wa kansa, hawauzi bima, lakini wana maelezo mazuri kuhusu jambo hili na unaweza kuwapigia ukaongea na mtu. Tena tangu Aprili 2021 kuna kanuni: kampuni ikikukataa kwa sababu ya afya, au ikikuongezea bei kupita kiwango kilichowekwa kwa sababu hiyo, inapaswa kukuelekeza kwenye orodha ya kampuni zinazohudumia wagonjwa. Yule kijana wa kwanza hakunielekeza popote. Kwa hiyo wewe uliza mwenyewe. Tovuti za kulinganisha bei nilizijaribu pia, ila kampuni iliyonifaa haikuwemo hata kwenye moja.

Kabla hujapiga simu, kaa na karatasi. Andika tarehe za kila tiba, majina ya dawa na vipimo vyake, na maradhi mengine yote, maana presha na sukari nazo zinaulizwa, hata kama unaona umeshazizoea. Hospitali ikikupa barua ya muhtasari wa matibabu, iweke mbele yako. Mara ya kwanza nilibahatisha tarehe ya mionzi, nikakosea kwa miezi sita, ikabidi nirudie upya.

Na usipige ukiwa peke yako. Hili nalisema kwa uzito. Katika maswali yale kuna moja linalouliza kama daktari amekwambia kansa yako haiponi, au amekupa muda wa kuishi. Linasomwa kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuuliza anwani. Jibu langu lilikuwa hapana, lakini machozi yalinitoka, sikuweza kuendelea. Mdogo wangu alikuwa kwenye spika kutoka Milton Keynes; yeye ndiye aliyemwomba yule mama wa bima aliyekuwa akiniuliza atupe dakika mbili. Yule mama akasubiri. Tulipoendelea alinisomea kila swali taratibu, na mwisho akaniambia bei. Nampa shukrani mpaka leo.

Kilichoshusha bei yangu kuliko yote kilikuwa subira. Januari ile nilikuwa nasubiri mamogramu ya mwaka, yaani picha ya eksirei ya matiti, iliyopangwa Februari. Kampuni za bima haziupendi kabisa mwili unaosubiri majibu. Nyingine hukataa, nyingine hupandisha, nyingine hukuuzia halafu maandishi madogo yanasema chochote kitakachotoka kwenye kipimo kile hakihusiki. Nilisubiri. Majibu yalikuja Machi, alhamdulillahi, safi. Nikapiga simu upya, na swali la "unasubiri kipimo chochote?" nikalijibu hapana.

La pili ni mahali. Karibi mara nyingi huwekwa kundi moja na Marekani, ambako matibabu ni ghali kupindukia, na bei ya bima inafuata. Mdogo wangu alikuwa na ndoto ya mchanga mweupe, nikambembeleza tuende Norway badala yake, usiku saba, Stavanger, Olden, Bergen. Alinuna siku mbili. Kwa mtu wa Tanga mchanga mweupe si ajabu, ila milima ile inayoingia baharini na theluji kileleni mwezi Juni sijawahi kuona mfano wake.

Hakikisha bima imeandikwa wazi kwamba ni ya safari ya meli. Bima ya kawaida ya likizo mara nyingi haimtoshi abiria wa meli. Uliza kuhusu kutolewa melini kwa helikopta na kurudishwa nyumbani, kuikosa meli ikishaondoka bandarini, kufungiwa chumbani kwa amri ya daktari, na meli kubadilisha njia. Kampuni yetu ya meli ilitaka bima ya matibabu isiyopungua pauni milioni 2, kwa hiyo soma masharti ya meli yako kwanza. Na ile kadi ya matibabu ya ugenini, GHIC, tuliyonayo Uingereza ibebe, ni ya bure, lakini ujue ni ya hospitali za serikali za nchi zinazohusika. Daktari wa melini ni wa kulipia, kadi ile haifanyi kazi kwake.

Angalia pia kiasi unachojilipia mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Bei ya chini kabisa niliyoiona ilikuwa na pauni 750 za kujilipia kwa kila tukio. Niliikataa, nikachukua ya pauni 150. Ndani ya bei yoyote utakayotajiwa kuna kodi ya asilimia 20, hiyo haina mjadala.

Jambo ambalo hata mdogo wangu hakulifikiria ni bima yake yeye. Alinunua ya kwake kwa bei nafuu, mzima wa afya, tukadhani yamekwisha. Kumbe kama mimi ningeugua kabla ya safari, naye akaahirisha ili abaki na mimi, bima yake isingemlipa, kwa sababu ugonjwa wangu ulikuwepo tangu zamani na wao hawakuambiwa. Alipiga simu, wakakataa kuongeza. Ikabidi anunue nyingine. Mume, mke, mtoto, shoga, yeyote unayesafiri naye, hilo mlijadili mapema.

Nunua bima siku ileile unayolipia safari, ili ukiugua kesho yake uweze kurudishiwa fedha zako. Baada ya hapo, dawa ikibadilishwa au daktari akikuita kwa kipimo kipya, waambie. Mimi nilibadilishiwa dawa ya presha mwezi Mei, nikapiga simu, bei haikuongezeka hata senti. Na ukinyimwa haki yako, lalamika kwa kampuni kwanza kwa maandishi. Zikipita wiki nane bila jibu la kuridhisha, peleka kwa Financial Ombudsman Service, wasuluhishi wa malalamiko dhidi ya kampuni za fedha na bima. Hawatozi chochote.

Wanaosoma hapa kutoka Dar, Mombasa au Muscat wajue kwamba bima nyingi za Uingereza huuzwa kwa wakazi wa Uingereza pekee. Na ile bima ya viza ya Schengen, yenye kima cha chini cha euro 30,000, ni ya kukamilisha masharti ya viza. Usiingie nayo melini ukidhani inajua habari za kansa yako mpaka uwe umeuliza na kupata jibu kwa maandishi.

Siku ya safari nilibeba dawa zote kwenye mkoba wa mkononi, na namba ya dharura ya bima niliiandika kwenye karatasi nikaiweka pamoja na pasi, nakala nyingine kwa mdogo wangu. Meli ilipoanza kuachana na gati tulikuwa tumesimama nyuma, juu kabisa. Taa za mji ziliwaka moja moja, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa kwenye meli inayotazamwa.

Mdogo wangu sasa anataka Ugiriki. Mamogramu yangu ni Februari. Nimemwambia asilipie kitu mpaka majibu yatoke.