Kabla hujaukata ubao wa dalsima yako

Wapiga gitaa wenzangu wakiishika dalsima yangu kwa mara ya kwanza, swali ni lile lile: mbona freti nyingine, yaani vile vyuma vinavyokatiza ubao chini ya nyuzi, hazipo? Na wakishaambiwa kwamba zinaweza kuongezwa, wanataka zote, leo hii. Mimi napiga ala hii huku Kentucky, ambako ndiyo ala rasmi ya muziki ya jimbo, na ushauri wangu ni kwamba usishike msumeno kabla mikono yako haijafika mwisho wa uwezo wake.

Naizungumzia dalsima ya milima ya Appalachia: kisanduku chembamba, kirefu, kinacholazwa mapajani, chenye nyuzi tatu, au nne ambapo mbili nyembamba hukaa pamoja na kupigwa kama uzi mmoja. Ile kubwa inayogongwa kwa vijiti viwili ni ala nyingine kabisa, wanashirikiana jina tu. Hii ya mapajani ni ya vijijini. Mwimbaji Jean Ritchie, mzaliwa wa Viper hapa Kentucky, aliyefariki mwaka 2015, ni mmoja wa waliofanya kazi kubwa kuifikisha New York na kwingineko.

Ukiwa umewahi kuimba kwaya kwa solfa, utanielewa upesi. Tyuni D, A, D: uzi mnene D, wa kati A, mwembamba D ya juu. Sasa panda uzi mwembamba freti kwa freti, ukianzia ukiwa wazi: do, re, mi, fa, so, la, ta, do. Umesikia? Ni ta, yaani ti iliyoshushwa nusu-toni, si ti. Freti za dalsima hufuata hatua za skeli, hazitembei nusu-toni kwa nusu-toni kama za gitaa. Wazee walilimaliza jambo hili bila kugusa ubao: walityuni D, A, A, do ikahamia freti ya 3, na ti ikajitokeza yenyewe kwenye freti ya 9.

Freti ya ziada iliyozoeleka kuliko zote ni ya 6½, kati ya 6 na 7. Inakupa ti, yaani C# (C iliyopandishwa nusu-toni), na waundaji wengi wa leo huiweka tangu mwanzo. Ila sikiliza: ukiwa kwenye D, A, D, noti hiyo hiyo unayo tayari kwenye freti ya 9 ya uzi wa kati. Na ti ya chini, ile inayoingia do kutokea chini, ipo freti ya 2 ya uzi huo huo. Kama unapiga kwa vidole, utazifikia zote mbili. Anayeihitaji 6½ hasa ni yule anayeubeba wimbo mzima kwenye uzi mwembamba kwa kijiti cha kuubonyezea badala ya kidole, huku nyuzi nyingine mbili zikivuma tu chini yake.

Freti ya 1½ ina hoja yenye nguvu zaidi, ingawa watu huifikiria baadaye. Inatoa F, ile mi iliyoshushwa ya bluzi na ya nyimbo za huzuni, na kwenye D, A, D noti hiyo haipo popote, uzi wowote utakaougusa. Hata kwa kuvuta uzi pembeni ni kazi. Zaidi ya hapo, uzi wa kati unapata C ya chini. Ukiongeza 1½, baadaye utaitaka na 8½, ambayo ni ndugu yake wa juu.

Hapo mimi ningeishia. Najua kuna dalsima zenye freti zote kumi na mbili, na kuna watu wanaozipiga vizuri mno. Lakini ukiteleza kijiti toka 6 hadi 7 kwenye ubao wa namna hiyo, kila nusu-toni inajitangaza njiani, na ule mtelezo mtamu wa milimani unapotea. Mpiga wa zamani aliweza kufumba macho na asikosee, kwa kuwa noti za kukosea hazikuwepo.

Twende kwenye mikono. Kuvuta uzi pembeni kunafanya kazi nzuri kuliko wengi wanavyodhani: bonyeza freti ya 6 ya uzi mwembamba, uvute hadi C ipande kuwa C#, huku ukipima kwa sikio dhidi ya freti ya 9 ya uzi wa kati. Kama nyuzi zako nyembamba ni mbili, ondoa mmoja. Kuvuta jozi sawasawa ni adhabu, na mimi hata bila kuvuta napenda sauti ya uzi mmoja.

Kapo ndiyo siri ninayoipenda kuliko zote. Ni kipande cha mbao chenye skrubu kinachobana nyuzi zote. Kwa kuwa nafasi kati ya freti hazilingani kimuziki, kuihamisha kunabadilisha tabia ya skeli nzima, si kimo chake tu. Ukiwa umetyuni D, A, D, ibane kwenye freti ya 1 na una E ya huzuni. Kwenye 3 una G meja kamili, ti yake ikiwemo. Kwenye 4 una A ya Doria, ile isiyo ya furaha wala ya kilio. Skeli tatu mpya, na ubao haujaguswa.

Ongeza hamoniki, ile sauti nyembamba kama ya kengele: gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 7, 4 au 3, piga, kisha ondoa kidole. Kipande cha karatasi kikipitishwa kati ya nyuzi karibu na daraja (kile kipande kinachobeba nyuzi upande unaopigia) kinaleta mkwaruzo wa ngoma. Chuma cha kutelezea, kama kile cha gitaa la Hawaii, kinafuta kabisa suala la freti, ila kinadai sikio kali.

Bado unataka freti? Basi ijaribu kwanza. Kata kijiti cha meno, kipunguze kilingane na kimo cha freti zako kutoka ubaoni, kibandike kwa selotepu chini ya uzi mwembamba peke yake, upige nacho wiki chache. Kwenye ala nyingi za zamani freti zilikuwa vipande vya waya vilivyokaa chini ya uzi wa wimbo tu, kwa hiyo hata freti fupi ya kudumu, ya uzi mmoja tu, si aibu.

Kwa kupima, chukua urefu wa uzi kutoka kizingiti cha juu, kile kinachobeba nyuzi upande wa vigingi vya kutyunia, hadi daraja. Zidisha kwa 0.1591 kupata 1½, na kwa 0.4703 kupata 6½, yote yakipimwa kutoka kizingitini. Uzi wa sentimita 70 unakupa 11.1 na 32.9. Usikadirie katikati kwa macho, na ujue kwamba kadiri unavyopanda ubao ndivyo milimita moja inavyozidi kuharibu sauti. Tafuta fundi wa magitaa mwenye msumeno unaolingana na unene wa mguu wa freti, ile sehemu inayozama ubaoni, na kabla hujamlipa, bonyeza 6½ ya uzi mwembamba pamoja na 9 ya uzi wa kati. Zikigombana, mrudishie kazi yake.