Kumhamisha tarantula wa buluu wa India

Ndugu, umeuliza kama unaweza kumbeba mkononi tarantula wako wa buluu, buibui mkubwa aitwaye kisayansi Poecilotheria metallica, unapomhamishia kwenye tangi kubwa, kwa kuwa hajawahi kukushambulia. Tafadhali usimshike kabisa. Hana manyoya ya kuwasha ambayo tarantula wengi wa Amerika humrushia adui, kwa hiyo kinga yake ni mbio na meno. Akiuma, misuli hukakamaa kwa maumivu makali yanayoweza kurudi hata baada ya siku kadhaa, wala hakuna dawa maalumu ya kuzima sumu yake.

Fanya kazi hiyo ndani ya beseni lenye kingo ndefu. Anapotulia, mfunike kwa kopo linaloonyesha ndani, kisha pitisha kadi ngumu polepole chini yake. Akiwa anavua gamba, ahirisha. Akikuuma, nenda hospitali mara moja, hasa kifua kikibana.

Linalonigusa zaidi ni asili yake: porini anaishi katika eneo dogo la msitu huko Andhra Pradesh, jimbo la India, yumo katika hatari kubwa ya kutoweka, na tangu 2019 biashara ya kimataifa ya jenasi yake, yaani yeye na spishi za jamaa zake wa karibu, husimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mdai muuzaji hati zinazothibitisha kwamba alizalishwa na wafugaji, hakukamatwa msituni.