Vermikulaiti ya Kuoteshea Uyoga Nyumbani: Chagua Punje za Kati

Ukiotesha uyoga mamama nyumbani kwa chupa za unga wa mchele wa brauni, chukua vermikulaiti ya punje za kati, milimita 2 hadi 4. Wengi hulaumu mbegu ya uyoga pale utando, yaani nyuzi nyeupe za uyoga zinazoenea kwenye unga, unapokwama katikati ya chupa, kumbe mara nyingi kosa liko kwenye mfuko walionunua.

Vermikulaiti ni madini yaliyopashwa moto mkali mpaka yakafura. Barani kwetu huchimbwa Phalaborwa, Afrika Kusini, na Namekara, mashariki mwa Uganda. Haimlishi uyoga chochote; chakula ni unga. Kazi yake ni kutunza maji ndani ya matabaka ya kila punje na kuacha hewa ipite kati ya punje na punje, na hapo ndipo ukubwa unapoamua kila kitu.

Punje laini, zile za chini ya milimita 2, hushikana zikilowa. Maji hujaa mahali pa hewa, utando hushuka vizuri sentimita mbili tatu halafu husimama. Chini hubaki na rangi ileile ya siku ya kwanza, na ukifungua chupa unakutana na harufu ya uchachu: bakteria wameshapata makao. Punje kubwa, za milimita 4 hadi 8, zina kasoro tofauti. Unga huporomoka hadi chini, juu pakabaki vermikulaiti tupu, na keki, yaani bonge lililoshikwa na utando, humeguka unapoitoa kwenye chupa.

Usitegemee jina la daraja lililoandikwa kwenye mfuko, maana kila mtengenezaji ana vipimo vyake. Mimina kiganja kimoja kwenye karatasi nyeupe, weka rula kando. Kisha dondoshea maji. Yakizama papo hapo, ni nzuri. Yakibaki matone juu, hiyo imetiwa dawa ya kuzuia maji kwa ajili ya ujenzi, iache. Iache pia iliyochanganywa na mbolea. Na walioko Marekani wasiokote ile ya kwenye dari za nyumba za zamani: iliyotoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa mwaka 1990, ilikuwa na asbesto, madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu. Hata iliyo safi ina vumbi, kwa hiyo vaa barakoa na uinyunyizie maji kidogo kabla ya kuimimina.

Kwa chupa 6 za mililita 240, zenye mdomo mpana, pima vikombe 4 vya vermikulaiti, kikombe 1 na nusu cha maji, na kikombe 1 na nusu cha unga. Anza na vermikulaiti na maji, koroga mpaka zote zilowe. Inamisha bakuli: maji yakijikusanya pembeni, ongeza vermikulaiti kidogo. Unga uwe wa mwisho, ili uzivishe punje zilizolowa. Ukianza na unga na maji utapata uji, na uji hauna hewa. Jaza chupa bila kushindilia, ubakize sentimita 1 na nusu. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi, kwa sababu chembe moja ya unga ikibaki pale ni njia ya ukungu wa kijani. Halafu jaza nafasi iliyobaki kwa vermikulaiti kavu, ndiyo kinga ya keki. Funika kwa karatasi ya foili, chemsha kwa mvuke dakika 90, uache zipoe usiku kucha kabla ya kutia mbegu.

Kama dukani kuna kubwa tu, isugue kati ya viganja kisha uichekeche. Usiisage kwa blenda, matabaka yatavunjika iwe vumbi. Kama kuna laini tu, tafuta kubwa kidogo uchanganye nusu kwa nusu. Punje laini zinazopita kwenye chekeche, bakiza kidogo: keki iliyokomaa ikishalowekwa saa 12 hadi 24 kwenye maji baridi, igaragaze kwenye hizo punje laini, ngozi yake haitakauka upesi.

Ukiotesha uyoga kwenye mifuko ya majani makavu ya mpunga, usinunue vermikulaiti kabisa, ni kupoteza pesa. Majani yaliyokatwa sentimita 3 hadi 5 yana hewa ya kutosha, na keki zilizojaa utando unaweza kuzivunja ukazitumia kama mbegu humo.